YAH: Mota mliyoniuzia kama KV 400 ambayo si KV 400

Morogoro, 9 Septemba

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la vifaa vya ndege za modeli,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Nimewatumia ujumbe wa simu mara nne, na kijana wenu kila mara amemalizia jibu lake kwa maneno yaleyale: "Bidhaa ya umeme ikishawashwa hairudishwi." Nimeona niandike barua, maana nina shaka kwamba suala hili halijamfikia mtu anayejua mota ni kitu gani.

Tarehe 2 Agosti nilinunua kwenu mota ya brashilesi (isiyo na brashi ndani) ya KV 400, namba ya kasi ya mota nitakayoieleza hapo chini, kwa Sh 185,000, kidhibiti mwendo cha ampea 80, kile kifaa kinachoipimia mota umeme wa betri, kwa Sh 140,000, na betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli 6, mAh 5000, kwa Sh 230,000. Jumla Sh 555,000. Nililipa kwa simu siku hiyohiyo, na mzigo nikaupokea stendi ya Msamvu kesho yake jioni. Kwa hilo sina neno, mlifunga vizuri.

Vifaa hivyo vilikuwa vya ndege niliyoijenga kwa miezi mitano. Kijana wenu ameiita "ndege ya karatasi", akaongezea na kikaragosi cha kucheka. Hajakosea sana. Ni fomubodi, zile bodi nyeupe za milimita 5 zenye povu katikati na karatasi pande mbili, ambazo wanafunzi wa usanifu majengo hujengea modeli za nyumba. Zinazouzwa huku kwetu ni nzito, kwa hiyo kila sehemu isiyobeba mzigo nililowesha karatasi ya upande wa ndani na kuibandua kwa vidole, bodi moja baada ya nyingine, mpaka mke wangu akauliza kama nachuna mbuzi. Ndani ya bawa kuna bomba la alumini la kutundikia pazia. Bawa lina urefu wa mita 2.4 ncha hadi ncha. Umbo nililifuata la Cessna Caravan, zile ndege zinazotua viwanja vya vumbi mbugani. Yenyewe ina bawa la mita 15.88, kwa hiyo yangu ni kama sehemu moja ya sita na nusu hivi. Ikiwa na betri ndani, mizani ya muuza mchele inasoma kilo 4.6.

Naeleza haya ili mwelewe kwa nini niliagiza KV 400 na si namba nyingine. KV si kilovolti, kama kijana wenu alivyonifundisha. Ni idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo mota inazunguka kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo. Ndege kubwa ya taratibu inataka propela ndefu inayozunguka polepole, isukume hewa nyingi, siyo kapropela kanakolia kama nyuki. Nilipiga hesabu yangu kwa wati 220 kwa kila kilo, kiwango kinachoitosha ndege ya kujifunzia, nikapata kama wati 1,000. Kwa betri ya seli 6, yaani volti 22.2, hiyo ni ampea 45 mpaka 50. Kidhibiti cha ampea 80 kingekuwa kinafanya kazi huku kimekaa. Na propela ya inchi 16 kwa 8, yaani urefu inchi 16 na msokoto wa kusonga mbele inchi 8 kwa kila mzunguko, sikuibuni kichwani: imeandikwa kwenye jedwali lililokuja ndani ya boksi la mota yenu, mstari wa seli 6. Karatasi hiyo ninayo.

Jumapili ya tarehe 17 Agosti niliifunga ndege mkia kwenye mwembe nyuma ya nyumba, nikaweka mita ya wati kati ya betri na kidhibiti, mpwa wangu wa darasa la sita akashikilia mkia, nami nikasimama pembeni na remoti. Nikapandisha fimbo ya kasi kidogo kidogo. Ilipofika nusu, mita ilisoma ampea 31. Nakiri, hapo nilipaswa kusimama, kwa sababu nilitegemea kama 12 au 15. Nikadhani mita ndiyo mbovu. Na sauti ya propela haikuwa ile niliyoitarajia, ilikuwa inapasua hewa. Nikaongeza. Namba ya mwisho niliyoiona ni 104. Kisha kapasita ya kidhibiti ikapasuka kama bisi, moshi mweusi ukatoka kwenye pua ya ndege, na povu likaanza kuyeyuka na kudondoka kwenye majani kama nta ya mshumaa. Nilichomoa betri kwa mkono uliofungwa kwa shati. Ilikuwa ya moto, imevimba kama andazi. Nikaitumbukiza kwenye ndoo ya mchanga niliyokuwa nimeiweka tayari, tukakaa mbali nayo nusu saa. Haikuwaka. Kama ingewaka, moto wa lipo hauzimiki kirahisi kwa ndoo ya maji, na mpwa wangu alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo.

Jibu lenu la kwanza lilikuwa kwamba nimefunga propela kubwa mno. Nikawatumia picha ya jedwali lenu. Jibu la pili, kwamba betri yangu haifai. Betri ni yenu. Jibu la tatu, kwamba huenda nimeunganisha waya vibaya. Ndugu Meneja, waya tatu za mota ya brashilesi hata ukizichanganya, kinachobadilika ni upande inaozungukia tu.

Hapo ndipo niliamua kuipima mota yenyewe. Kuna fundi wa mashine za kusaga nafaka hapa mtaani ambaye ana kipima mizunguko cha mwanga, kile cha kubandika kipande cha karatasi inayong'aa. Tulitoa propela, tukaiendesha mota tupu kwa kidhibiti changu kidogo cha zamani na betri ya seli 3. Betri ilisimama kwenye volti 11.9. Mota ya KV 400 kwa volti hizo haiwezi kuzidi mizunguko 4,760 kwa dakika. Tulipata 6,840. Tukarudia mara tatu, tofauti haikufika 30. Gawanyeni wenyewe: ni kama 575.

Fundi yule, ambaye hajawahi kushika ndege maishani mwake, ndiye aliyeona kibandiko. Alisema kona yake imekaa juu ya kibandiko kingine. Tulikipasha joto na kukiinua taratibu kwa wembe. Cha chini kilichanika na sehemu ya maandishi ikaondoka na gundi, lakini tarakimu mbili za mwisho za KV zimebaki wazi kabisa: nane na sifuri. Ukiweka na kipimo chetu cha 575, inaelekea ni 580. Picha nimeziambatisha. Sisemi kibandiko cha juu kiliwekwa na nani, kwenu au kiwandani. Nasema niliuziwa na ninyi.

Tofauti ya 400 na 580 msiichukulie kama tofauti ya saizi ya kiatu. Nguvu inayotakiwa na propela hupanda kwa mchemraba wa mizunguko. Ukiizungusha propela ileile mara 1.45 ya kasi iliyokusudiwa, inadai nguvu kama mara tatu. Ampea zangu 50 zikawa zinaelekea 150, na kilichozipunguza ni volti za betri kushuka kwa kuzidiwa tu. Kidhibiti cha 80 hakikuwa na lake pale.

Kuhusu betri, siwadai kwa kuwa imeandikwa 60C, ile namba ya kasi ambayo betri inaweza kutoa umeme wake, na hainipi 60C. Hizo C za kwenye lipo tumeshazizoea kama bei ya kuanzia Kariakoo, kila mtu anakata nusu kichwani kabla ya kununua. Lakini KV hakuna anayeikata nusu. Ukubwa wa propela, idadi ya seli, kidhibiti, hata mahali pa kuweka betri ili ndege isiinamishe pua, vyote vinatokana na namba hiyo moja. Betri naidai kwa sababu imeuawa na mota yenu.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie Sh 555,000 zote, au mniletee mota ya KV 400 iliyopimwa mbele ya fundi wenu na namba za kipimo zimeandikwa kwenye risiti, pamoja na kidhibiti kipya na betri mpya. Nauli ya basi ya kwenda na kurudi iwe yenu. Pua ya ndege nitaijenga tena mwenyewe, ni bodi mbili na gundi ya moto, siwadai. Halafu mota nyingine zilizokuja na mzigo huohuo muziondoe dukani mpaka zipimwe. Bado zimo kwenye orodha yenu, nimeziona leo asubuhi, na sasa zimepunguzwa bei. Kuna mtu ataifunga moja kwenye ndege na kuirusha bila mita ya wati. Kidhibiti kikifa angani, kilo nne na nusu zinashuka mahali zinapotaka zenyewe.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maana, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Ile kanuni yenu ya "ikishawashwa hairudishwi" mtawaeleza wao. Mimi sijui mota inatambuliwaje kuwa siyo yenyewe bila kuwashwa.

Mota nimeirudisha kwenye boksi lake, vibandiko vyote viwili vikiwa pamoja nayo ndani ya bahasha. Naikabidhi kwa mkono, kwa mtu atakayesaini. Siiweki kwenye basi.

Mteja wenu,
fundi redio, Morogoro.