Ahsante, kijana wa Ngamiani

Ndugu zangu wa Tanga, nina mtu wa kumshukuru hadharani. Jina kanikataza nisilitaje.

Binti yangu anajifunza kuandika programu, na kompyuta tuliyonayo nyumbani ni ya zamani, ya Windows XP. Kila toleo la Python, lugha ya kuandikia programu, tulilopakua liligoma. Fundi mmoja akatwambia tuitupe, tununue laptopu, kana kwamba pesa twaziokota ufukweni Raskazone!

Kijana huyu hakuidharau. Aliiwasha, akakagua RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), akahakikisha mfumo ni wa biti 32. Akatueleza kwamba Python kuanzia toleo la 3.5 haiikubali XP. Inayotufaa ni 3.4.4. Akaipakua kwa bando lake, kutoka tovuti ya Python yenyewe, akaileta kwenye flashi, na flashi akaipima virusi kwanza. Ilipokaa sawa, kiti akampisha binti, akamwacha aandike mwenyewe: print("Tanga"). Neno Tanga likatokea kwenye skrini! Akamwonyesha na kitufe cha F1, kinachofungua maelezo yote ya Python bila intaneti.

Pesa kakataa. Kahawa na kashata, hapo hakukataa.

Faili bado ninalo. Mwenye XP iliyolala kabatini aje na flashi nimnakilie, naye amnakilie jirani.