Tailizi za bafuni zinagongwa, hazijaziwi grauti tu

Mhariri shikamoo, naomba kanafasi nitoe dukuduku langu juu ya hawa mafundi wetu wa tailizi. Juzi mwanangu kaponea chupuchupu, ndo anafunga taulo atoke bafuni mara tailizi mbili za kwenye shawa zikabanduka zenyewe zikapasukia pale pale aliposimama.

Miezi mitatu nyuma nilishaona zinacheza nikaita fundi, akaja na grauti yake akajazia kwenye mistari, akafuta na kitambaa, "mama hapo umemaliza", nikamlipa. Kumbe kafunika kombe tu, maji yalishaingia nyuma kitambo.

Safari hii nikampata mzee mmoja hapa hapa Tabata, mtu wa maneno machache, kaanza kugonga ukuta wote na mpini wa bisibisi. Iliyoshika inalia ti, iliyoachia inalia bo kama dumu tupu, nikahesabu bo kumi na moja jamani. Akabandua moja akanigeuzia: mabonge matano ya simenti kama vitumbua, manne kwenye kona na moja katikati, kwingine kote uwazi, halafu mgongo wa tailizi msafiii utadhani imetoka kwenye boksi leo. Anasema hizi za poselini hazinywi maji kwahiyo simenti ya kawaida haizikamati, zinataka gundi yake ya mfuko na inasambazwa kote kwa mwiko wa meno. Zile za keramiki ndo unaloweka kwenye ndoo kwanza simenti inashika.

Basi kakwangua simenti yote ya zamani, ukuta ukaachwa ukauke siku nne (tulioga kwa jirani, aibu yangu), kapaka dawa ya kuzuia maji, kabandika, grauti kesho yake. Kwenye kona ya ukuta na sakafu kaweka silikoni, ile ya kuziba inayovutika kama mpira, anasema pale ukuta na sakafu kila kimoja kina mwendo wake, grauti itapasuka tu.

Ila niseme ukweli, wakati wa ujenzi fundi aliyebandika tailizi hizi aliomba gundi mimi nikamuona mwizi, nikamwambia si kuna simenti imebaki ya plasta tumia hiyo. Alipaswa kugoma, lakini nani anagoma na njaa?

Wasomaji wenzangu leo mkiingia kuoga hebu gongeni kidogo.

Mama wa watoto wawili,
Tabata, Dar es Salaam