Lile Koti Si la Jeshi la Wachina

Jinan, China
Mwezi wa Mei

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Bibi, shikamoo. Na Shangazi wa Makorora naye apokee shikamoo yake, maana najua barua hata ikiandikwa jina la Mama, yeye ndiye atakayeifungua. Assalaam aleikum nyote mliopo. Mimi mzima, nakula, nasali, nasoma. Naandika kwa mkono kwa kuwa yupo ndugu yetu wa Dar anayerudi likizo, na Bibi aliniagizia kwamba habari za kwenye simu hazishiki, anataka karatasi asomewe barazani. Basi wewe mdogo wangu utakayesoma, soma polepole na usiruke mistari.

Nianze na lile koti, kwa sababu nasikia ndilo lililoleta maneno. Picha mliyoiona kwenye kundi la familia, mimi nimevaa koti kubwa la kijani lenye kola ya manyoya, Baba Mdogo akaandika chini yake, "Huyu kajiunga na jeshi la Wachina?" Kabla sijaamka kujibu, habari imeshavuka Pangani. Mama Mkubwa akapiga simu analia. Jamani! Koti lile ni la kukodi. Juu ya mlima Taishan baridi ya usiku inaingia mpaka kwenye meno, hata mwezi wa Mei, na wenyeji wanajua kwamba vijana hupanda na fulana. Kwa hiyo wamefungua biashara: makoti mazito ya mtindo wa jeshi la zamani yamerundikwa dukani, unalipa, unaacha amana, asubuhi unarudisha. Kukipambazuka ukatupa macho pale kileleni utadhani uko kambini, kumbe ni wanafunzi, wachumba na wazee wa watu wanaotetemeka. Hakuna bunduki, Mama. Kuna tambi za kumwagia maji ya moto na watu wa kupiga picha.

Sasa nieleze nilifikaje huko, maana Shangazi aliuliza pia kwa nini mtoto wa kike atembee usiku milimani. Hatukuwa wawili wala watatu. Tulikuwa kundi la darasani: Mzambia mmoja, Waindonesia, dada wa Uzbekistan ninayekaa naye bweni moja, na Wachina tunaofanya nao kazi maabara, wavulana na wasichana. Na njia yenyewe usiku ina watu kuliko stendi ya mabasi siku ya kuamkia Idi. Taa zipo, maduka yapo, vyoo vipo, askari wapo. Kupanda usiku ndiyo desturi ya wanafunzi wa huku: mnaanza jioni, mnafika juu kabla ya alfajiri, mnangoja jua.

Ila kilichonitia mimi miguu barabarani ni aibu. Tangu nimekuja, kila nikisema natoka Tanzania, mtu ananiuliza Kilimanjaro nimeupanda mara ngapi. Si "umewahi", ni "mara ngapi". Mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga, mlima nimeuona kupitia dirisha la basi, tena mawingu yakikubali! Mzambia anacheka, anasema bora yeye kwao hawamuulizi. Basi walipotaja Taishan nikasema naenda, angalau nipate jibu la mlima mmoja.

Kutoka Jinan hadi mji wa Tai'an ulio chini ya mlima ni kama kilomita 60, na treni ya mwendokasi ilitufikisha kabla sijamaliza kumenya yai. Nilimkumbuka Babu, Mungu amrehemu, na hadithi zake za reli. Ile ya kwetu Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, ikachukua karibu miaka 20 kuufikia mji wa Moshi. Babu angeiona hii ya huku angetaka kwanza aoneshwe injini iko wapi.

Taishan si mlima mrefu. Hilo lisemwe mapema, nisije nikasifiwa bure. Kilele chake ni mita 1,500 na kitu, na Lushoto mjini, pale sokoni watu wanaponunua pea, ni karibu mita 1,400. Yaani ukitoka Mombo na basi lile la kukunja kona unafika karibu urefu uleule umekaa kitini, umeshika mfuko wa kutapikia. Tofauti ni kwamba Wachina wameujengea ngazi za mawe tangu chini hadi juu, zaidi ya vidato 6,000, na ukishaingia Lango Jekundu hakuna kona ya kupumzisha paja. Ni kupanda tu. Magari ya kamba yapo, yanaanzia katikati ya mlima, lakini usiku hayafanyi kazi. Na mchana nayo wenzangu wangenidharau.

Mama, kilichonishangaza si ngazi, ni watu wanaozipanda. Kwetu anayepanda mlima ni mzungu mwenye viatu vya pesa nyingi, na nyuma yake kijana wa Kichagga amembebea mzigo. Huku nimepishana na kikongwe aliyejifunga kilemba, ana fimbo, ana mfuko wa ubani wa kuchoma, anapanda na mjukuu. Nimeona mtu kavaa makubadhi. Nimeona baba amembeba mtoto mgongoni na huku anaongea na simu habari za kazi. Hakuna aliyejifanya shujaa. Walipanda kwa sababu mlima ni wao, na wazee wao waliupanda.

Wapagazi nao wapo. Kila kinacholiwa na kunywewa juu, zamani kilipandishwa kwa mabega, na mpaka leo bado unawaona wanaume wenye mizega, mzigo huku na mzigo huku, wanapanda kwa upande upande ili mti wa mzega usigonge ngazi. Bibi utawaelewa wewe, uliyewahi kununua maji ya mzega. Mmoja tulimkuta amekaa kwenye kidato na katoni za soda, jasho linamtiririka, umri wa kuwa baba yangu. Kuanzia hapo sikulalamikia tena bei. Maana bei huko, sikufichi, inapanda pamoja na wewe: chupa ya maji ya chini na ya juu si ndugu hata kidogo. Kitu cha bei nafuu ni matango. Wanayauza njia nzima, yamelowekwa kwenye maji baridi, unatafuna kama muwa huku unapanda. Sisi Waislamu wa kundi tulikuwa na vyetu: mayai, tende, na mikate ya ufuta niliyoinunua Jinan kwenye mtaa wa Wahui, Waislamu wa Kichina, kule kwenye msikiti wao wa kale niliowahi kuwaandikieni.

Kuna mahali njiani pana misonobari inayoheshimiwa, na Mchina mwenzetu akatupa hadithi yake. Mfalme Qin Shi Huang, yule aliyeiunganisha China, alikuja mlimani hapa mwaka 219 kabla ya Kristo kufanya ibada ya kifalme. Wakati wa kushuka mvua ikamkuta, akajibanza chini ya mti. Mvua ilipokatika akaupa ule mti cheo cha serikali! Mwambieni Baba Mdogo, anayengoja kupandishwa cheo tangu mimi niko shule ya msingi, kwamba kuna mti ulikipata kwa kusimama tu. (Miti ya sasa, alisema, ilipandwa baadaye sana, ule wenye cheo haupo. Nao ulistaafu.)

Sehemu ya mwisho inaitwa Mizingo Kumi na Minane. Sina la kuipamba. Ni ngazi zilizosimama kama ukuta, zaidi ya 1,000 mfululizo, na juu kabisa unaliona Lango la Kusini la Mbingu lina taa nyekundu, na kila ukiinua macho liko palepale. Hapo mazungumzo yalikufa. Dada wa Uzbekistan alipanda kwa mikono na miguu. Mzambia, aliyetucheka wote tangu chini, alikaa akatangaza kwamba yeye ataliona jua hapohapo alipo, na jua ni moja. Tulimvuta.

Tulifika juu bado giza, ndipo tukayakodi yale makoti. Sasa sikiliza Bibi, hii ni yako. Ukafika wakati wa sala ya alfajiri. Tukatafuta pembeni penye jiwe bapa, mimi, dada wa Uzbekistan na Waindonesia wawili. Kibla cha huku ni magharibi. Na watu wote kileleni, maelfu, wamegeuka mashariki wanangoja jua, wamesimama wamebanana hadi kwenye mawe. Sisi peke yetu tumewapa mgongo. Mama mmoja wa makamo akatuhurumia, akaja kutugusa begani baada ya salamu ya mwisho, akatuonesha kwa kidole: jua linatokea kule, watoto, kule! Tukamshukuru, tukageuka, akatusogezea nafasi mbele yake tuone vizuri.

Na jua? Lilichelewa. Wingu zito lilikaa chini kabisa, pale anga inapokutana na nchi, watu wakaanza kunung'unika, wengine wakafunga mifuko. Kisha likatoka juu ya wingu likiwa limeshakomaa, si jekundu la kwenye kadi, ni jeupe tu linaumiza macho. Watu wakashangilia vilevile. Nilitazama saa: huku saa kumi na moja imeshapita, kwenu saa sita usiku, mmelala, na bahari ya Raskazone bado ni nyeusi. Nikapiga picha ile. Mengine mnayajua.

Najua Bibi atauliza: hukuabudu sanamu? Sikuabudu. Mahekalu yapo mengi, na kuna moja la mungu wao wa kike, Bixia, ambalo wanawake wanaotafuta watoto huenda kuweka nadhiri. Nilipita mlangoni, moshi wa ubani umejaa. Nikakumbuka Mapango ya Amboni, kile chumba cha mzimu wanakoacha vitu vyao watu wenye haja, na wewe Bibi ulivyotukataza kucheka. Huko nako sikucheka.

Kushuka ndiko kulikonimaliza. Kupanda ni pumzi, kushuka ni magoti, na ngazi ya mawe haina huruma kama njia ya udongo. Siku zilizofuata bweni zima lilikuwa linashuka ngazi kinyumenyume, na mlinzi wetu alijua tulikotoka bila kuuliza.

Lipo jambo moja lililotokea baadaye, nalo ndilo lililonifanya niandike kurasa zote hizi. Yule Mchina wa maabara alitualika kwao kula. Dirishani mama yake ana makopo ya maua madogo ya zambarau, majani yake yana manyoya, anayatunza kama mayai. Akasema ni urujuani wa Afrika. Nikamwambia: Mama, haya ni ya kwetu. Si ya Afrika hivihivi, ni ya Usambara. Afisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyeyapeleka kwao mwaka 1892, na kutoka hapo yakasambaa madirishani dunia nzima. Yule mama akafurahi mno, akaniuliza: basi huko mlimani yanaotaje, kwenye jua au kivulini?

Sikuwa na jibu. Sijawahi kuyaona yalipoota. Nimesafiri mpaka China kulikuta ua la mlima ninaouona kwa mbali kila nikienda Muheza kufuata machungwa.

Kwa hiyo, Mama, likizo yangu ijayo nikirudi, inshallah, sikai barazani Ngamiani kula viazi vya nazi mwezi mzima. Tutakwenda Amani, kule Usambara, tulale, tuingie msituni na mtu anayeijua miti. Kisha tupande Lushoto, twende Irente pale kwenye jabali, tulitazame bonde la Mombo kwa chini. Na wewe unakuja. Usiniambie magoti, nimeshakueleza habari za kikongwe mwenye ubani. Shangazi naye anakuja, apike. Baba Mdogo aje achukue koti, Lushoto mwezi wa saba si mchezo.

Mengineyo: ada ya muhula imelipwa na ufadhili, msihangaike. Mtihani wa lugha nimepita. Ndani ya bahasha kuna noti ya yuani 5, ni ya mdogo wangu asiibadilishe. Nyuma yake umechorwa mlima wenyewe, Taishan, aoneshe darasani. Dawa ya kuchua magoti yenye karatasi nyekundu ni ya Bibi, si ya kunywa. Ndugu huyu wa Dar akirudi mwisho wa mwezi wa nane mnipe pilipili ya kusaga, achari ya embe, na leso mbili, moja ni ya yule mama wa maua. Dagaa msifunge, mara ya mwisho walizuiwa uwanja wa ndege.

Msalimieni Mjomba wa Chumbageni na majirani wote. Kundi la familia, tafadhali, mwandikeni Baba Mdogo afute ile picha aliyonichorea kofia.

Ni mimi binti yenu,
wa Jinan