Nördlingen si mji wa volkano, wala si jumba la makumbusho

Mhariri,

Nimesoma makala ya gazeti lako kuhusu miji ya kale ya kusini mwa Ujerumani, na ninashukuru kwamba Nördlingen, mji mdogo wa Bavaria wenye wakazi wapatao 20,000, ulipewa nafasi. Hata hivyo, mwandishi ameeleza kuwa mji huo umejengwa ndani ya shimo la volkano, kisha akauzungumzia kana kwamba ni jumba la makumbusho ambalo mgeni huingia, hupiga picha na kuondoka. La kwanza si kweli. La pili linaniuma zaidi, kwa sababu Nördlingen ni mji unaojiendesha, na sehemu kubwa ya historia yake ni historia ya watu waliotaka kujiamulia mambo yao wenyewe.

Bonde la Ries, ambamo mji huo umo, lenye kipenyo cha kilomita 24 hivi, lilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ni kazi ya volkano. Dhana hiyo ilivunjika mwaka 1960, pale wanajiolojia Eugene Shoemaker na Edward Chao walipokuta katika miamba yake madini ya koesaiti, ambayo huhitaji mgandamizo mkubwa kupita ule unaoweza kutolewa na volkano. Bonde lilichimbwa na jiwe lililoanguka kutoka angani takriban miaka milioni 15 iliyopita, na mwaka 1970 wanaanga wa Apollo 14 walipelekwa huko kujifunza kuitambua miamba ya namna hiyo kabla ya safari ya mwezini. Kanisa la Mtakatifu Georg, ambalo ujenzi wake ulianza 1427 na kukamilika 1505, limejengwa kwa mwamba uliotokana na kishindo hicho, uitwao sueviti. Ukiusogelea ukuta wake unaona jiwe la kijivu lenye vipande vyeusi mithili ya chupa, na hivyo ni mabaki ya miamba iliyoyeyuka siku ile.

Lakini jiwe la angani halikujenga mji. Mwaka 1215 Mfalme Friedrich wa Pili aliupata mji huo kutoka kwa askofu wa Regensburg, ukawa mji wa Dola Takatifu la Kirumi, yaani usiokuwa na bwana mwingine juu yake isipokuwa mfalme au kaisari. Mwaka 1327 kulitolewa amri ya kujenga ukuta mpya nje ya ule wa zamani, na ndio huo ambao hadi leo mtu anaweza kuuzunguka wote kwa miguu juu yake, chini ya paa. Kutoka kwenye mnara wa kanisa, ambao wenyeji huuita Daniel na ambao una urefu wa takriban mita 90, mlinzi bado hutoa mwito wake kila usiku, kuanzia saa nne hadi saa sita. Wageni huupenda mwito huo, nami sioni ubaya, ila asili yake ni kazi halisi ya ulinzi.

Sisemi kwamba kujitawala kuliwafanya watu wa mji huo kuwa wema. Kati ya 1589 na 1598 baraza la mji lilisimamia kesi za uchawi zilizoangamiza wanawake wengi, na Maria Holl, mke wa mwenye nyumba ya wageni, aliteswa mara zaidi ya 60 bila kukiri, hadi akaachiliwa mwaka 1594. Makala inayousifu ukuta na kumwacha mwanamke huyo haijautendea haki mji.

Uhuru ule ulikoma mwanzoni mwa karne ya 19, Bavaria ilipouchukua mji. Pigo jingine, ambalo makala haikuligusa kabisa, lilikuja katika mageuzi ya mwaka 1972: Nördlingen, ambao hadi hapo haukuwa chini ya wilaya yoyote, uliingizwa katika wilaya inayoitwa leo Donau-Ries, na makao makuu yakawa Donauwörth. Hata namba za magari zilibadilika, na herufi NÖ, za jina la Nördlingen, hazikuruhusiwa tena hadi mwaka 2013. Asiyeona uzito wa herufi mbili hizo hajaelewa maana ya kuwa mji mdogo.

Pamoja na hayo, mji ulibakiwa na mamlaka ambayo miji mingi ya ukubwa wake haina, kama vile kutoa vibali vya ujenzi, jambo lisilo dogo mahali palipojaa nyumba za kale. Meya huchaguliwa moja kwa moja na wananchi kwa miaka sita. Katika kuchagua madiwani, kila mpiga kura ana kura nyingi kama viti vilivyopo. Anaweza kumpa mgombea mmoja hadi kura tatu, na kuzigawa nyingine kwa wagombea wa vyama mbalimbali. Vijiji vya Baldingen na Löpsingen, ambavyo majina yao yamo kwenye malango mawili ya ukuta, sasa ni sehemu ya mji, na watu wake huchagua baraza lilelile linaloketi ndani ya malango hayo.

Ninaomba usahihisho kuhusu volkano uchapishwe katika toleo lijalo. Na mwandishi akiandika tena kuhusu miji hiyo, atenge aya chache kwa ajili ya mabaraza yake.

Msomaji wako