Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha na za wagonjwa atazisoma katibu baada yangu. Mimi naomba niseme yale yasiyoingia kwenye jedwali.

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimekwenda kuwatafuta watu waliolala, waliovua na waliokula pamoja na mgonjwa wa kifua kikuu. Mgonjwa akigundulika, mara nyingi ameshakohoa wiki kadhaa ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Utaratibu ni kumuuliza anaishi na nani. Huku mialoni, kwenye fukwe za wavuvi, swali hilo ni bure. Kijana mmoja wa kambi ya dagaa upande wa Ukerewe alisema anaishi peke yake, familia iko Sengerema. Tukaandika sifuri. Mwenzetu aliyewahi kuvua akamuuliza, "Mbalamwezi ikiwaka unalala wapi, na godoro mnapokezana na nani?" Wakapatikana saba: wanne wa mtumbwi wake, mama ntilie na wanawe wawili. Yule mdogo, hajatimiza miaka mitano, alikuwa hapandi uzito. Leo yuko kwenye dozi.

Tangu siku hiyo safari zetu tunazipanga kwa kutazama juu. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwaka wavuvi wako nchi kavu. Tulipowafuata gizani tulikuta vibanda vitupu na mbwa.

Wapo wanaouliza mbona tunahangaika hivi kuliko wenzetu wa Kigoma. Kule Nyarugusu, kambi iliyopo tangu 1996, mkimbizi ameandikishwa pamoja na kaya yake. Msongamano upo, ila pa kuanzia papo. Huku kwetu wamo waliotoka Kongo na Burundi wakaishia ziwani bila karatasi. Sheria inamtaka mkimbizi akae eneo alilopangiwa, kwa hiyo mtu wa namna hiyo akiona daftari anaona uhamiaji. Sisi hatuulizi mtu katoka wapi. Tunauliza kikohozi, homa, jasho la usiku na kukonda, basi. Akitaja jina la utani tunaandika hilohilo, pamoja na jina la mtumbwi.

Sasa makosa yetu. Wenzetu wawili, wakiwa wamevaa fulana zetu zenye maandishi makubwa ya kifua kikuu, walikwenda moja kwa moja mlangoni kwa mama anayekaanga sato. Hadi jioni hakuna aliyenunua kwake. Tumemwomba radhi, lakini wateja hawajarudi wote. Fulana hizo sasa zitavaliwa tarehe 24 Machi tu, Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Jingine ni dogo ila lilitugharimu: vikopo vya makohozi vilibandikwa majina kwenye mfuniko. Mifuniko ikifunguliwa pamoja, nani ni nani? Tulirudi kuchukua sampuli upya, na wawili walikuwa wameshahamia kisiwa cha Kome. Jina libandikwe ubavuni mwa kikopo. Mashine ya GeneXpert, inayopima makohozi, hutoa majibu kwa saa mbili hivi. Kinachochelewesha ni boti.

Dawa kinga, ya kumzuia aliyekaa na mgonjwa asiugue, bado ni ngumu kuinadi. "Siumwi, ninywe dawa ya nini?" Nami simlaumu mvuvi anayeambiwa ameze kidonge kila siku kwa miezi sita wakati hajui mwezi ujao atakuwa kisiwa gani. Ile ya mara moja kwa wiki, dozi 12 kwa miezi mitatu, wanaikubali upesi zaidi pale inapopatikana.

Nauli za boti zimekula mfuko kuliko kitu kingine chochote. Mkutano uamue leo: tupandishe ada, au tupunguze visiwa. Mimi nasimama na ada. Mbalamwezi ijayo haiko mbali, na mwenye mtumbwi tunayemkodi hulipwa kabla ya kuwasha mashine.