Barua kwa Kadzo, anayetaka kuingia doria ya msitu

Mwanangu Kadzo,

Salamu za hapa Mombasa. Mama mkubwa wako anaendelea vizuri, ameanza kula, ila bado hawezi kushuka ngazi peke yake, kwa hiyo sitarudi Gede mwezi huu. Nimeona nikuandikie, maana lile swali lako halijibiki kwenye simu huku mtu analia salio linakwisha.

Umeuliza kama ujiunge na kikundi cha doria cha msitu wetu wa Arabuko-Sokoke wakati unasubiri matokeo. Jiunge. Ila usiingie kwa sababu ya ile picha ya maskauti walioinua mitego kama waliotwaa kombe. Picha hizo hupigwa siku wageni wamekuja. Kazi yenyewe ni kupita njia ileile, alfajiri, ukitazama chini na juu, na kuandika.

Hatuna bunduki na hatukamati mtu. Wanaokamata ni askari wa misitu na wa wanyamapori. Sheria ya misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyoifuata, zilitupa sisi tunaoishi kando ya msitu nafasi ya kuunda chama chetu na kukaa meza moja na serikali, basi. Ukisikia msumeno wa injini, rudi nyuma, piga simu, taja mahali. Ukiamua kuufuata, utaufuata peke yako, na mimi sitakuwepo kukuombea ruhusa kwa babako.

Daftari ndilo kazi. Tarehe, saa, mahali, ulichoona, wangapi. Ukikuta kisiki, andika ni cha mti gani, kibichi au cha zamani, na upana wake. Utaona wezi wanachagua: mbambakofi kwa mbao, na muhuhu, ambao wachongaji waliupenda hadi ukawa adimu, wengi wakahamia mwarobaini. Na siku usiyoona kitu, andika sifuri. Wengi huacha ukurasa mtupu, kisha hakuna ajuaye kama sange, wale wanyama wadogo wa pua ndefu, hawakuwepo au ni wewe hukwenda.

Sange wenyewe utawapenda. Hawa wetu wana makalio ya rangi ya dhahabu, ukubwa wa sungura mdogo, na wengi wa walio duniani wako humu msituni mwetu. Hutembea mchana. Usiku hulala chini ya rundo la majani makavu waliyoyakusanya wenyewe, na asiyejua atadhani ni upepo umeyasukuma pale. Utamsikia kabla hujamwona, maana akikimbia huupiga mkia kwenye majani. Mtego wa waya unaotegewa paa humnasa na yeye, kwa sababu wote wanapita vijia vilevile.

Upande wa magharibi, kwenye udongo mwekundu, yuko bundi wa Sokoke, mdogo ajabu. Wanasayansi walimjua mwaka 1965 tu. Bibi yako atakuambia bundi ni uchuro. Usibishane naye. Wewe mhesabu.

Kuna jambo moja hunipa moyo kila nikichoka. Yule ndege, mnana wa Clarke, mweusi na manjano, aliingia kwenye vitabu vya wanasayansi mwaka 1913. Humu msituni wanakuja makundi makubwa juu ya miti ya mrihi, wanakula, halafu wanatoweka, na kwa miaka mia moja hakuna aliyeandika kuwa ameona kiota chake. Mwaka 2013 ndipo vikapatikana, huko Dakatcha, kaskazini ya kwetu, kwenye kinamasi cha msimu kilichojaa ndago. Wenyeji wa kikundi cha kujitolea cha huko walikuwemo katika kutafuta. Watu wa kawaida, wengine wakulima wa mahindi kama sisi.

Sasa lile gumu, ambalo hakuna semina itakayokufundisha vizuri. Utakuta mtego, na utajua ni wa nani. Utaujua kwa namna ulivyofungwa, au kwa sababu juzi ulikuta nyama kwake ukakaribishwa kula. Msitu una kilomita za mraba kama 420, lakini ukingoni tunajuana wote. Daftari huandika mtego, haliandiki jina. Toa waya, uandike, na habari ya mtu mwambie mwenyekiti kwa mdomo, yeye ataenda na wazee. Usimtangaze kisimani. Mwenye mtego leo, kesho ndiye atakayekuambia makaa yanachomwa wapi, ukimwachia uso wake. Na akina mama wanaobeba kuni kavu kwa kibali usiwaulize kama polisi. Waamkie kwanza.

Malipo hakuna. Mradi ukija kuna pesa ya chakula cha mchana na fulana. Mradi ukiisha, waliokuja kwa ajili ya chakula hawaonekani tena. Siwalaumu, tumbo halina likizo. Lakini mimi naona ni aibu watu kupewa fulana za rangi wakati hawana buti, na nimelisema kwenye mkutano mpaka wakanizoea. Ukitaka kipato, muulize shangazi yako habari za kufuga vipepeo. Mradi wa Kipepeo pale Gede umenunua mabundo, yaani pupa za vipepeo, ya wakulima tangu 1993, na anayeuza mabundo ana sababu yake ya kutaka msitu usimame.

Buti zangu ziko chini ya kitanda cha bibi yako. Zikikubana, usijikaze, azima za Kazungu. Penseli ni bora kuliko kalamu, mvua haiifuti. Na mwambie mwenyekiti nimesema usipangwe zamu upande wa ndovu mpaka nirudi. Najua atacheka. Mwambie hivyo hivyo.

Mamako

Niandikie umepewa njia ipi.