Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Glasgow

Ndugu wanachama,

Futari ya pamoja, darasa la Kiswahili la watoto na rambirambi kwa waliofiwa, yote yamefanyika na mnayajua. Mahesabu atayasoma mweka hazina.

Nizungumzie safari yetu ya kisiwa cha Staffa, magharibi mwa Scotland, kuliona Pango la Fingal, maana maneno yamekuwa mengi. Imesemwa kwamba kamati ilitumia fedha za chama kwenda kutazama mawe. Chama kilitoa paundi 400 tu, kupunguza nauli ya watoto na wazee. Wengine tulijilipia. Mfuko wa misiba haukuguswa. Wazo lilikuwa langu na bado nalisimamia: watoto wetu wamezaliwa Scotland, na wengi hawajaona zaidi ya shule na maduka.

Tulivuka kwa feri kutoka Oban hadi Mull, tukakatiza kisiwa kwa basi mpaka Fionnphort, kisha tukapanda boti ya kwenda Staffa. Pango la Fingal limeingia mwambani kiasi cha mita 70. Nguzo zake, nyingi zenye pembe sita, hakuzichonga mtu. Ni lava iliyopoa ikapasuka hivyo yenyewe, yapata miaka milioni 60 iliyopita. Bahari imo humo humo ndani, na wimbi likigonga ukuta wa mwisho pango zima linavuma. Watoto walipiga kelele wapate kujibiwa na mwangwi. Malkia Victoria alikwenda kuliona mwaka 1847, na sisi tunaoishi jirani tunaambiwa ni ufujaji!

Kuna wanaonung'unika kwamba hatukushuka kisiwani. Mwenye uamuzi ni nahodha, na siku hiyo bahari ilikuwa imechafuka. Tuliliona pango kutoka botini, mbele ya mlango wake. Nisingeruhusu mtoto wa mtu akanyage miamba yenye utelezi ili tu nisilaumiwe.

Kilichoniuma ni mahudhurio. Basi la watu 49, tulikwenda 27. Walioandikisha majina wasitokee hawakutoa hata taarifa, na nafasi zao botini zilikwishalipiwa.

Kuhusu ada: tuko 64, waliomaliza kulipa ni 29. Wengi wa waliopinga safari hawamo katika hao 29. Nalisema wazi kwa sababu nimewapigia simu mmoja mmoja, usiku, baada ya kazi.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kufika kisiwa cha Iona, na wafadhili wakipatikana, kutafuta ukumbi wetu wenyewe. Mweka hazina atapokea ada mlangoni leo.

Mwenyekiti